Mchi wa Bi Mashavu Haujaambiwa

Sogeeni. Mwenye masikio akae karibu, na mwenye cheo akae karibu zaidi, maana habari hii haimhusu hata chembe.

Palikuwa na nchi. Jina lake silitaji, si kwa woga, jamani, ila lilikuwa siri ya serikali. Hata wananchi wenyewe wakiulizwa mnatoka wapi walijibu, "Huko kwetu," halafu wakatazama nyuma. Ilikuwa nchi ya mafundi, kila mtu na chombo chake: huyu tezo, yule nyundo, yule kitanda cha kufumia. Na walikuwa na desturi moja ambayo wageni waliicheka. Fundi akifa, kabla maiti haijatoka nyumbani, kitinda mimba wake hukishika chombo cha marehemu kwa mikono miwili na kukiambia: "Mwenyewe amekwenda. Mimi niliyekula mwisho nimeshiba. Nawe lala." Basi, chombo kikalala. Kisipoambiwa kitafanya nini, hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwa mzembe kiasi hicho.

Mpaka alipokuja Mbaruku.

Mbaruku alikuwa mchonga vinu, na alikuwa kitinda mimba wa Bi Mashavu, mwanamke aliyewatwangia watu mtama mtaa mzima ili Mbaruku na dada yake Mwatumu wapate kula. Kinu cha mama yake alikichonga Mbaruku mwenyewe. Ndiyo kazi yake ya kwanza, na kiliinama upande. Alipokuwa fundi wa kweli aliona haya, akamchongea mama kingine kizuri. Mama alikikataa. "Kinu cha mwanangu hakina kombo," alisema. "Ni mimi ninayesimama vibaya." Akaendelea kutwanga hivyo hivyo, kiuno upande, kwa mtindo wake: anapiga mara mbili, anashusha pumzi. Twi! Twi! Haaa. Mbaruku alizaliwa akiisikia sauti hiyo, akalala kwayo, akaamka kwayo.

Siku moja asubuhi sauti ilikatikia katikati. Twi! Na ya pili haikuja.

Msibani wazee walimwita: "Mbaruku, njoo uulaze mchi wa mama yako." Alikwenda, akaushika. Ulikuwa bado una joto la viganja. Akajua akitamka neno "nimeshiba" ataangua kilio mbele ya wanaume wote wa mtaa.

"Kesho," alisema.

"Chombo hakisubiri kesho, mdogo wangu," Mwatumu alimwambia.

"Nimesema kesho, dada! Niacheni nimzike mama yangu kwanza."

Wakamwacha. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wahenga walisema, lakini msibani nani anataka kumsumbua mfiwa kwa methali?

*

Kulipokucha Mbaruku alisikia: Twi! Twi! Haaa.

Alitoka mbio uani. Mchi ulikuwa unapanda na kushuka peke yake katika kile kinu cha upande. Hapakuwa na mtu. Kila baada ya mapigo mawili ulitua kidogo, na ile pumzi ikashuka kutoka mahali pasipoonekana, karibu kabisa na sikio lake. Mbaruku alipiga magoti akalia, sasa kwa vile hakuna wa kumtazama. Alifumbua kinywa amwambie mama kwamba amekufa, kwamba apumzike. Hapo ndipo jicho lake lilipoangukia unga.

Ulikuwa laini, mweupe, umejaa mpaka mdomoni, na bado asubuhi. Moyo ulimwambia sema. Jicho likamwambia, hebu tazama kwanza. Akafumba kinywa.

Ukiona vyaelea vimeundwa. Mbaruku hakuwa mjinga wa mikono. Alichonga vinu vingine, akavipanga safu, akalaza boriti juu yake, akaifunga michi yote kwa kamba za katani, na mwisho wa boriti akaufunga mchi wa mama. Bi Mashavu akipiga mara mbili, safu nzima inapiga mara mbili. Akishusha pumzi, safu nzima inatulia. Mtaa mzima ukaleta mtama kwake. Watu waliozoea kumwita "we Mbaruku" wakaanza kumwita fundi, halafu mzee, na nywele zake zote bado nyeusi. Waliokuwa wakipita bila kumtazama walimwamkia mara mbili, wakienda na wakirudi.

Mwatumu peke yake ndiye aliyekataa kuleta mtama. "Umemfunga mama kamba," alisema mlangoni, akaondoka bila kuaga.

*

Habari ilifika serikalini, na Mheshimiwa Gombera, Waziri wa Jasho, alikuja na msafara kuona. Alisimama mbele ya ile safu, akafunga macho kana kwamba anasikiliza taarabu, kisha akawageukia watu.

"Ndugu wananchi! Tangu dunia iumbwe, kifo kimekuwa kikichukua nguvukazi ya taifa letu bila kibali! Mtu tumemlea, tumemfundisha, amekuwa fundi, ghafla anakufa, anaondoka na ufundi wake kana kwamba ni mali ya baba yake! Je, huu si uhujumu?"

"Ni uhujumu!" watu walijibu, kwa sababu polisi nao walikuwepo.

"Leo tumekikomesha! Mwananchi, kufa ni haki yako, na serikali hii sikivu itailinda haki hiyo kwa nguvu zake zote. Lakini kuacha kazi si haki yako!"

Makofi yalipigwa. Wiki ile ile ikatoka Sheria ya Kutozisumbua Zana kwa Habari za Misiba. Na kwa kuwa serikali ilikuwa na huruma, haikumkamata mtu. Ilipeleka tu kwenye kila msiba Afisa Mzibaji, kijana mwenye adabu, mwenye kitambaa kisafi. Alitoa pole, akanywa uji, na saa ya kutoa maiti ilipofika alimwendea kitinda mimba, akasema "samahani sana," akamziba mdomo.

Mbaruku aliteuliwa Mkurugenzi wa Zana Zisizolala. Kinu cha upande kikahamishiwa kwenye jengo kubwa, boriti ikarefushwa mpaka ikatoboa ukuta na kuvuka barabara.

Lo! Nchi ikafanya kazi. Majembe yalilima yenyewe, na yakimaliza shamba yalianza tena, mpaka mwamba ukaonekana. Mafagio yalifagia nyua mpaka misingi ya nyumba ikabaki uchi. Fimbo ya mwalimu aliyefariki ilichapa madawati matupu kutwa nzima, na mkaguzi akaisifu kwa nidhamu. Jembe la mchimba kaburi, naye marehemu, lilichimba safu baada ya safu pembezoni mwa mji. Serikali iliona aibu kuacha mashimo wazi bila maelezo, ikasimika kibao: MAKAZI YA BAADAYE. Na walio hai wakaambiwa wapumzike. Walikaa vibarazani, mikono mapajani, wakitazama wazazi wao wakifanya kazi. Unga ulikwenda kwenye maghala ya Wizara, maana mchi ulikuwa wa Wizara, na mwenye mchi ndiye mwenye unga. Wao wakapewa wa kupanga foleni.

Kila mahali zilisikika pumzi. Fundi huyu alikuwa akiguna, yule akikohoa, yule akipiga mluzi usio na mdomo. Mchana kweupe ungetembea sokoni na kusikia marehemu wote wa ukoo wako wamechoka. Serikali ilitoa tangazo kwamba huo ni Upepo wa Maendeleo, na anayeusikia kama pumzi aende kupimwa masikio.

Kisha ugali ukaanza kuwa na chumvi. Hakuna aliyetia chumvi, lakini unga wa michi ya Wizara ulikuja na chumvi yake, kila siku ikizidi kidogo. Mheshimiwa Gombera alilitangazia taifa ushindi mwingine: kuanzia mwaka ule, chumvi haitaagizwa tena kutoka nje.

*

Mbaruku alihama, akajengewa nyumba mlimani, mbali na mtaa wa vinu, yenye mlango mzito. Haikusaidia. Akiketi kula vyakula vya wakubwa, samaki waliobanikwa na matunda asiyoyajua majina, aliisikia: Twi! Twi! Haaa. Aliziba masikio kwa pamba, akaisikia kifuani. Na viganja vyake, ambavyo havikushika tezo siku nyingi, vikaota malengelenge. Alimwonyesha Gombera.

"Hayo ni malengelenge ya utumishi," Gombera alimfariji. "Vaa glovu. Kesho utaitwa ikulu, unakuwa waziri kamili."

Na kweli aliitwa. Mtukufu Baba wa Vyote hakuwa ameonekana hadharani kwa miaka mingi, kwa ajili ya unyenyekevu wake. Mbaruku aliingia ukumbini ameinama, macho sakafuni, akasikia: Ko! Ko! Ko! Aliinua macho kidogo. Kiti cha enzi kilikuwa na joho, na juu ya joho kofia, na kati ya joho na kofia hapakuwa na kitu. Mezani mbele ya kiti, mhuri mkubwa wa dola ulikuwa unaruka peke yake, unagonga amri moja baada ya nyingine. Mawaziri wote walikuwa wameinamia mhuri.

"Mheshimiwa," Mbaruku alinong'ona, "Mtukufu yuko wapi?"

"Alituacha zamani," Gombera alinong'ona naye, bila kuacha kutabasamu. "Hatukutaka kuusumbua mhuri. Ulidhani wewe ndiye uliyegundua mambo haya? Wewe ulitupatia boriti tu."

"Na hakuna aliyeulaza? Aliyekula mwisho..."

"Ehee! Hapo ndipo penye ufundi wetu. Kila anayekaribia kushiba, tunamteua mwingine mwenye njaa nyuma yake. Kwa hiyo wa mwisho kula daima hajashiba. Karibu mezani, ndugu yangu. Leo wa mwisho ni wewe."

Mhuri uligonga uteuzi wake. Mbaruku akashangiliwa, akavishwa mkufu, na mgongoni pake, wazi kama siku ile uani, mtu alishusha pumzi.

*

Mwatumu alimjia asubuhi moja. Hakukaa kitini. Alikuwa na kibuyu cha unga, akakiweka mezani kati ya masahani ya fedha.

"Shikamoo za watu zimekujaa, sitakuongezea ya kwangu," alisema. "Nimekuja kwa ajili ya mama. Ananijia ndotoni, Mbaruku. Mikono yake imechubuka mpaka haishiki. Simuoni analia. Ananiuliza jambo moja tu, kila siku hilo hilo: 'Mbaruku amekula?'"

Mbaruku alisogeza sahani ya samaki kando.

"Namwambia amekula, mama, amenenepa, ana gari la kuvutwa na farasi. Hanisikii. Mimi sikula mwisho. Ni wewe."

"Dada, nikiulaza mchi ule boriti yote inasimama. Nchi nzima inakula kwa boriti ile. Nitakamatwa."

"Nchi inakula? Onja huo unga."

Alichovya kidole, akaonja. Lilikuwa ni jasho, na si jasho peke yake. Alikumbuka alivyokuwa mtoto, akimbusu mama shavuni baada ya mama kutwanga, na ladha iliyobaki midomoni. Ilikuwa ile ile.

"Aibu yako ya siku moja ya kulia ndiyo inayomtwangisha mama mpaka leo," Mwatumu alisema, na sauti ilimvunjika. "Ulimwonea haya nani, mdogo wangu? Nani asiyemlilia mama?"

Mbaruku aliondoka bila kofia. Alifika kwenye jengo la Wizara adhuhuri, walinzi wamekwenda kula, maana katika nchi ile saa ya kula hakilindwi chochote. Alipita chini ya boriti mpaka mwisho kabisa, na huko akakikuta: kinu chake cha kwanza, kimeinama vile vile. Mchi ulikuwa umeliwa ukawa mwembamba. Pale panaposhikwa pamelowa.

Aliushika kwa mikono miwili. "Mama," alisema, "mwenyewe amekwenda. Mimi niliyekula mwisho nimeshiba. Lala."

Mchi ulisimama hewani. Safu nzima ikasimama. Ulikuwa kama unasikiliza. Halafu, polepole, ulijivuta kutoka mikononi mwake, ukaanza tena, kwa haraka zaidi kuliko mwanzo: Twi-twi! Twi-twi! wala haukutua kupumua.

Hee! Mtu anaweza kulidanganya taifa kwa miaka, na taifa likapiga makofi. Lakini nani aliyewahi kumdanganya mama yake kuhusu njaa? Mama alikuwa amemsikia mwanawe sautini, akajua kwamba huyu hajala.

Na kweli hakuwa amekula. Tangu ahamie mlimani hakuwa ametia kinywani hata tonge la unga ule. Alikuwa akiutangaza kwa hotuba na kula samaki. Mbaruku aliketi chini na joho lake, akakusanya mawe matatu na vibanzi vya kuni, akachota maji kwenye ndoo ya walinzi, akasonga ugali kwenye chungu kilichopasuka. Akala kwa mkono, bila mboga, mgongo ameuegemeza kinu. Chumvi ilimchoma malengelenge ya viganja. Alilia huku anakula, kilio kikubwa cha mtoto, kamasi na yote, na walinzi waliorudi wakasimama mlangoni wakitazama waziri analia, wasijue kama inaruhusiwa. Alikula mpaka akakomba chungu.

"Mama," alisema, na mara hii hakujaribu kuikaza sauti, "nimekula. Wallahi nimeshiba, mama yangu. Lala sasa."

Twi, ulipiga mchi. Kisha ukapiga tena, pole pole. Twi.

Haaa.

Ukaegemea ukingo wa kinu, upande ule ule alioegemea Bi Mashavu akimaliza kazi. Boriti ililia kutoka mwanzo hadi mwisho, ng'ambo ya barabara, na michi yote ikatua. Kimya kilichoingia kilikuwa kipya mno hata mlinzi mmoja akavua kofia.

*

Alifikishwa ikulu kusomewa hukumu. Mawaziri walikuwepo wote, wamekunja nyuso. Ko! Ko! ulikuwa ukigonga mhuri. Karatasi ya hukumu iliwekwa chini yake, na Gombera aliinua mkono aanze hotuba.

Mbaruku alimwahi. "Mzee," aliuambia mhuri, "mwenyewe amekwenda. Mimi nimeshiba. Nawe lala."

Mhuri ulisimama hewani.

Joho kitini lilitikisika kidogo, na kutoka mahali palipokuwa na kifua cha Mtukufu ikashuka pumzi moja ndefu, ya mzee aliyechoka vibaya sana, aliyekuwa akiomba ruhusa ya kwenda kulala tangu zamani. Hata Gombera aliisikia. Nilitazamia, nami ni mtu mwepesi wa kuamini, kwamba pale mmoja wao angemwonea huruma.

Gombera alikohoa. "Mtuhumiwa amejisahau. Tangu asubuhi hii yeye si wa mwisho." Akamsukuma mbele mpwa wake, kijana mwembamba aliyeteuliwa siku ile ile kuwa Waziri wa Ukimya, mkufu bado una karatasi ya dukani. "Haya baba, sema. Umeshiba?"

Kijana alimeza mate. Alitazama mhuri, akamtazama mjomba, akatazama meza na vilivyopangwa juu yake.

"Mimi hata sijaanza," alisema.

Ko! Mhuri ukashuka juu ya hukumu.

*

Walimhukumu kutwanga. Walimpa kinu kile kile cha upande, ambacho hakuna mwingine aliyeweza kukitumia, wakamwambia atatwanga kwa mikono yake mpaka alifidie taifa. Mbaruku alijifunza kusimama vibaya, kiuno upande, na akagundua kwamba ukisimama hivyo kinu hakina kombo. Wizara ilifunga boriti kwenye mchi wa mama wa mtu mwingine, na pumzi zikarudi mjini kama kawaida. Lakini misibani siku hizi Maafisa Wazibaji hawapumziki, maana vitinda mimba wamejifunza kuwahi: hulia kwa sauti, hula tonge la mwisho la marehemu mbele za watu, husema neno lao kabla kitambaa hakijafika. Hawafanikiwi wote.

Mwatumu huja kumtazama. Mara ya kwanza alipokuja, Mbaruku alichota unga kwa kiganja chenye sugu, akampitishia kwenye nondo za dirisha. Mwatumu aliuonja. Alifumba macho, akaonja tena, kwa muda mrefu.

"Hauna chumvi," alisema.

"Hauna?"

"Hauna kabisa, mdogo wangu. Mama hayumo."

Walishikana mikono kupitia nondo, wakalia, naye mlinzi akageuka kando. Kutoka upande wa ikulu, mbali, mhuri ulisikika ukigonga.

Yangu nimepakua yote. Aliyeshiba na anawe mikono, na aseme wazi kwamba ameshiba, wenye meza wasikie.